Niliwahi kuvuta bangi, sasa kazi inataka kibali cha usalama cha serikali ya Marekani. Niandike ukweli kwenye SF-86?

#1 KijanaWaMsamvu

Wakuu habari za jioni. Naomba mnisome mpaka mwisho kabla ya kuokota mawe.

Nina miaka 27, mzaliwa wa Morogoro. Marekani nimeletwa na mama nikiwa darasa la sita, uraia ninao. Nimesomea mitandao ya kompyuta kule Colorado na sasa kampuni moja ya hapa Virginia inayofanya kazi za Wizara ya Ulinzi imenipa barua ya ajira. Mshahara sijawahi kuuona maishani. Sharti moja tu: nipate kibali cha usalama ngazi ya Secret, ile kitu wabongo wa huku wanaita kliarensi. Wamenitumia fomu SF-86 niijaze mtandaoni.

Jamani ile fomu. Wanataka kila nyumba uliyolala kwa miaka kumi, kila bosi, ndugu zako wote mpaka wa kambo, walizaliwa wapi, wanakaa wapi. Nilikuwa natiririka vizuri tu mpaka Sehemu ya 23: je, katika miaka saba iliyopita umewahi kutumia dawa za kulevya kinyume cha sheria? Hapo nikafunga kompyuta nikaenda kuosha vyombo.

Sasa niwaambie ukweli wangu. Bangi nimevuta. Colorado duka la bangi liko kama duka la vocha, unaingia na kitambulisho unatoka na mfuko. Ilikuwa wikiendi, wikiendi mbili kwa mwezi hivi, tangu mwaka wa pili chuo mpaka miezi 14 iliyopita. Halafu wiki za mitihani mwenzangu alikuwa ananigawia vidonge vyake vya Adderall, vile vya kuongeza umakini alivyoandikiwa na daktari, mara tatu kama sikosei. Na Desemba 2022 nilienda arusi ya binamu Nairobi, nikakaa na wajomba nikala miraa usiku kucha.

Kuna kaka yangu wa ukoo, dereva wa malori Ohio, kaniambia: "Andika hapana kote. Nani atajua?" Nimebakiwa na siku tano. Mama hajui lolote na sitaki ajue.

Wenye uzoefu naomba mniongoze.

#2 Sanduku la Posta

Siti ya mbele, karanga ninazo. Ngoja wajuvi waje.

#3 MtuWaMizigo

Kaka yako yuko sahihi. Mkojo wa mwaka jana hawana. Andika hapana, pita, pesa ingia. Ukijichongea mwenyewe usije kulia humu.

#4 Bwana Funguo

Mleta uzi, usimsikilize #3. Mimi ni afisa usalama wa kampuni, nina mwaka wa tisa kwenye kazi hii. Hizi fomu zinapita mikononi mwangu kila wiki. Siamui mimi nani apewe, wanaamua serikali, ila nawaona wanaopita na wanaokwama.

Kwanza uelewe unapimwa kwa kipimo gani. Kuna waraka unaitwa SEAD 4, umeanza kutumika Juni 2017, na idara zote za serikali ya Marekani zinaufuata. Una miongozo 13, kuanzia A mpaka M. Dawa za kulevya ni Mwongozo H. Uaminifu na tabia yako binafsi ni Mwongozo E. Watu wanauogopa H usiku kucha halafu wanaangushwa na E asubuhi.

Mwongozo H haukusema "aliyewahi kuvuta asipewe". Unataja mambo yanayokuweka pabaya: kutumia, kushindwa kipimo, kununua, kuuza, kutumia ukiwa tayari una kibali, au kugoma kusema kwamba umeacha. Kisha unataja yanayokutoa hapo pabaya: ni zamani, ni mara chache, mazingira yamebadilika, hukai tena na watu wa kijiwe, na umeandika kwa mkono wako kwamba hutarudia, na kwamba ukirudia wakunyang'anye kibali. Hilo la mwisho ni karatasi moja tu, lakini nimeona likibeba mtu.

Mtauliza, uwe umeacha miezi mingapi? Hakuna idadi iliyoandikwa. Mtu wa mara mbili chuoni akiwa na miezi minane ya kuacha anaweza kupita. Mtu wa kila siku kwa miaka kumi akiwa na miezi hiyo hiyo minane atasumbuliwa. Wewe na miezi 14, kwa ngazi ya Secret, kwa maoni yangu ya miaka tisa, hauko pabaya. Kibali cha muda ambacho watu hupewa wakati uchunguzi unaendelea unaweza kukikosa, ukasubiri nyumbani wenzako wameanza kazi. Jipange kwa hilo na kodi ya nyumba.

Kuhusu "Colorado ni halali": hiyo sheria ni ya jimbo. Kibali ni cha serikali kuu, na yenyewe iliiweka bangi Jedwali la I, orodha ya dawa zinazobanwa kuliko zote, kwa sheria ya 1970. Mwaka 2024 Wizara ya Sheria ilipendekeza ishushwe kwenda Jedwali la III, ila mtu asijaze fomu kwa kutumia pendekezo. Kadi ya daktari ya bangi ni hivyo hivyo, haikusaidii.

Ila mambo yamelegea kidogo, tuseme haki. Desemba 2021 mkuu wa ujasusi wa taifa wa wakati huo, Avril Haines, alitoa waraka kwa idara zote: bangi ya huko nyuma izingatiwe, lakini yenyewe peke yake isiwe ndiyo inayoamua. Na humo humo wakashauri watu waambiwe waache mara wanapoingia kwenye mchakato, na mchakato unaanza siku unayotia sahihi SF-86. Kwa hiyo ukishatia sahihi, hata ukialikwa Denver kwenye arusi, kunywa maji.

#5 MtuWaMizigo

Bwana Funguo naye anatetea ugali wake. Nauliza swali dogo: watajuaje?

#6 Bwana Funguo

MtuWaMizigo, wanaweza kutuma mtu, hasa ngazi za juu au wakiona jambo la kutilia shaka. Ana kitambulisho na daftari. Anaenda kwa mwenye nyumba wako wa zamani, jirani, bosi, mtu uliyepanga naye. Anamuuliza: huyu bwana ulimwonaje na pombe? Na dawa? Halafu anamuuliza jina la mtu mwingine anayekujua, ambaye wewe hukumwandika. Mtalaka wako naye anaweza kuhojiwa. Hapo sijafika kwenye zile idara zenye mashine ya kupima uongo.

Na ukishapewa hawakuachi. Zamani walikuwa wanarudi kila baada ya miaka kadhaa, siku hizi kuna ukaguzi endelevu, mfumo unakuangalia mwaka mzima. Uongo wa leo unakaa kwenye fomu, na fomu hiyo wataifungua tena siku utakayotaka kupanda ngazi.

Kusema uongo kwenye ile fomu ni jinai, mpaka miaka mitano jela. Sehemu ya 23 yenyewe ina ahadi imeandikwa pale juu, someni: majibu yako ya kweli hayatatumika kama ushahidi dhidi yako kwenye kesi ya jinai. Yaani ukisema kweli wamekukinga na mashtaka, ukisema uongo ndiyo umejitengenezea mashtaka. Sasa hesabu hiyo ni ngumu kweli?

#7 MzeeWaStuttgart

Nimeusoma uzi huu nikaweka chai pembeni. Kijana, ngoja nikupe yangu, nilikuwa sijawahi kuiandika popote.

Mimi niliingia jeshi la Marekani 2007. Aliyeniandikisha aliniuliza kama nimewahi kuvuta. Nikamwambia ndiyo, mara nne tano nikiwa na miaka 20. Akaweka kalamu chini akaniangalia: "Nitakuuliza tena. Umewahi kuvuta?" Unaelewa. Nikasema hapana. Akacheka, akaandika. Nikapata kibali, nikatumikia, nikapelekwa Ujerumani, nikamaliza salama.

2014 nikapata kazi ya ukalimani kwa kampuni, Kiswahili na Kifaransa. Kipindi hicho wakalimani wa Kiswahili tulikuwa tunatafutwa kama dhahabu. Ngazi ilikuwa Top Secret. Nikajaza fomu upya. Dhamiri ikanikaba, na sheria ya swali inasema miaka saba, mimi yangu ilikuwa imepita zamani, ningeweza kuacha. Lakini mchunguzi alipokuja tukakaa mezani nikamwambia kabla hajauliza: bwana, ile fomu ya 2007 niliandika hapana, haikuwa kweli.

Baada ya miezi mingi ikaja barua ya sababu. Ni barua inayokueleza kwa nini wanasita kukupa. Una siku 20 za kujibu kwa maandishi, hoja moja moja, nakiri au nakana. Yangu ilikuwa na mistari miwili chini ya H na minne chini ya E. Nikaomba nisikilizwe mbele ya jaji. Ofisi inaitwa DOHA, na mke wangu kwa wiki nzima alidhani nasafiri Qatar.

Nataka usikilize hapa. Siku ya shauri, wakili wa serikali alinihoji kama dakika 40. Bangi aliigusa dakika tano, hakuwa na haja nayo. Zilizobaki zote ni: ulijua swali linauliza nini? Ulijua jibu la kweli? Ulipotia sahihi ulisoma yale maneno ya juu ya sahihi? Kwa nini hukusahihisha 2008? 2010? 2012? Nikasema niliambiwa na aliyeniandikisha. Jaji akaniuliza kwa upole kabisa: "Na sahihi ni ya nani?"

Nilishinda. Kilichoniokoa ni kwamba nilisema mwenyewe kabla sijabanwa, hilo limo kwenye Mwongozo E kama jambo la kumpunguzia mtu. Lakini ile kazi ilikuwa imekwenda. Kampuni haikungoja, iliajiri mwingine. Nilikaa mwaka na miezi bila kazi ya maana, naendesha teksi Baltimore, kwa ajili ya misokoto mitano niliyovuta Mbeya mwaka 2001.

#8 Mama Tatu

Mzee, pole sana. Misokoto mitano!

Kijana, mimi ni muuguzi, kazi zetu na hizo hazifanani, lakini suala la vidonge vya mwenzako usilidharau. Naona wengi humu wameshikilia bangi tu. Kutumia dawa aliyoandikiwa mtu mwingine nako ni matumizi mabaya, na vijana wanasahau kwa sababu ilitoka kwenye chupa yenye jina la daktari. Najua kwa sababu wanangu wawili wamesoma vyuo vya huku, vile vidonge vinagawiwa maktaba kama pipi za arusi.

Na mama yako akijua atalia siku mbili, ya tatu atakuuliza umekula.

#9 Bwana Funguo

Mama Tatu kagonga penyewe. Adderall bila cheti chako: kuna swali lake humo humo ndani ya Sehemu ya 23. Mara tatu, wiki za mitihani, sema hivyo hivyo. Na kununua nako kuna swali lake. Kama mliingia dukani ukatoa pesa yako, umenunua. Kama mlichanga, umenunua.

Kila kitu watakuuliza mwezi na mwaka wa kwanza, mwezi na mwaka wa mwisho, mara ngapi, mazingira gani, na swali moja dogo ambalo watu wanalijibu kizembe: unakusudia kutumia tena siku za mbele? Nimewahi kuona kijana mzuri, ana digrii mbili, kaandika "labda, serikali ikihalalisha". Sina la kuongeza.

#10 MjombaWaMaua

Hodi hodi. Mmeongea bangi mmeongea vidonge, hii miraa yetu mnaipita kama hamuioni. Mimi ni mtu wa Meru, baba yangu ana miti ya miraa mikongwe kuliko Jamhuri. Kenya ni zao la biashara linalotambuliwa na sheria. Mkulima analipa karo nayo. Sasa huyu kijana alikula Nairobi, kwa arusi, na wajomba zake, amekosa wapi? Hata kahawa basi aandike.

#11 Bwana Funguo

Mjomba shikamoo. Kwako ni zao, huku ni kesi. Ndani ya majani mabichi kuna kemikali inaitwa kathinoni. Marekani iliiweka Jedwali la I mwaka 1993, kikapu kimoja na heroini na bangi. Jani likikauka kathinoni inapungua inakuwa kathini, ambayo iko Jedwali la IV, chini zaidi. Ndiyo maana nyinyi mnaifunga kwenye majani ya mgomba na kuikimbiza kiwanja cha ndege usiku, iwe mbichi. Mnakimbiza hiyo hiyo kathinoni.

Uingereza nayo imeipiga marufuku tangu Juni 2014. Tanzania nako mirungi ni kosa, kijana wa Morogoro analijua hilo.

Sasa swali la fomu linasema "kinyume cha sheria". Kula Nairobi ambako ni halali ni kinyume cha sheria ipi? Mawakili wanabishana, na mimi si wakili. Ninachowaambia watu wangu: kuna nafasi ya maelezo, iandike hapo kwa sentensi mbili. Desemba 2022, Nairobi, arusini, usiku mmoja, nchi ambayo ni halali, sijawahi kula Marekani. Hakuna mwamuzi atakayekunyima kibali kwa sentensi hizo mbili. Ila kama picha za arusi ziko Facebook shavu limejaa, na fomu imekaa kimya, hapo mchunguzi ana swali la kuanzia mazungumzo.

Ingekuwa umekula huku Marekani, Minneapolis au Alexandria, miraa iliyokuja kwenye sanduku la nguo, hakuna mjadala. Hiyo ni ndiyo.

#12 MjombaWaMaua

Marahaba. Lakini mumeniumiza. Heroini na miraa kikapu kimoja! Mwambieni huyo aliyeandika hiyo sheria aje Maua nimwonyeshe mzee wa miaka 85 anatafuna tangu uhuru na anapanda mti mwenyewe.

#13 Sanduku la Posta

Mjomba, huyo mzee naye anataka kliarensi?

#14 MjombaWaMaua

😂 Hiyo hapana. Siri zote za kijiji anazo tayari.

#15 Dada wa Faili

Naingilia kidogo kwa sababu naona watu wanasoma uzi huu kimya kimya na si wote raia kama mleta uzi. Nafanya kazi ofisi ya mawakili wa uhamiaji hapa Minnesota. Tafadhali someni polepole.

Kama una grinikadi, kibali cha usalama kwa kawaida huwezi kupewa, ni cha raia. Lakini wenye grinikadi wanajiunga na jeshi, na jeshini unajazishwa hiyo hiyo SF-86. Ile ahadi ambayo Bwana Funguo ameitaja inasema kesi ya jinai. Kesi ya uhamiaji si ya jinai. Mmeelewa? Neno moja hilo.

Kwenye uhamiaji, kukiri tu kwamba ulitumia bangi, bila kukamatwa, bila hukumu, kunaweza kukuletea shida. Aprili 2019 idara ya uraia ilitoa mwongozo unaosema wazi kwamba bangi halali ya jimbo inaweza kukufanya uonekane huna mwenendo mwema wakati wa kuomba uraia. Mwongozo huo unawagusa mpaka wanaofanya kazi kwenye maduka na mashamba ya bangi yenye leseni. Nimeona mama wa watu, Mtanzania, alikuwa anafungasha tu bidhaa, na kodi alilipa, akakwama. Kuna msamaha mdogo kwa mtu wa kosa moja tu la kumiliki gramu 30 au chini, kwa matumizi yake, ila msijipimie wenyewe.

Sisemi mdanganye, kudanganya ni mbaya zaidi. Nasema kabla hujajaza fomu yoyote yenye swali hilo, kama wewe si raia, kaa na wakili wa uhamiaji kwanza. Lipa hiyo saa moja.

Na kwa waliopata uraia karibuni: ulichowaambia uhamiaji na unachoandika SF-86 vitawekwa meza moja.

#16 KijanaWaMsamvu

Dada asante, mimi uraia niliupata kupitia mama nikiwa mdogo, sikuhojiwa. Ila nina rafiki namtumia uzi huu sasa hivi.

Bwana Funguo, maswali mawili. Naona kwenye tovuti ya FBI wanasema bangi mwaka mmoja, dawa nyingine miaka kumi. Adderall yangu ni ya 2020. Je nimeshakufa? Pili, binti ninayeishi naye anatumia yale mafuta ya CBD ya mgongo, yanayotoka kwenye mmea wa jamii ya bangi. Ni tatizo?

#17 Bwana Funguo

Hujafa. Hizo za FBI ni sheria za kuajiriwa FBI. Kila idara ina mlango wake na bawabu wake, wengine wakali kuliko kibali chenyewe. Wewe unaajiriwa na kampuni, kibali chako kinashughulikiwa na DCSA, idara ya Wizara ya Ulinzi inayochunguza watu wa vibali, kwa miongozo niliyokutajia. Usichanganye majiko.

CBD: sheria ya kilimo ya 2018 ilisema hemp (ndugu wa bangi, si katani ya mkonge) yenye THC, ile kemikali ya bangi inayolevya, isiyozidi asilimia 0.3 si bangi kisheria. Tatizo ni chupa kusema hivi na ndani kuwa vile, hakuna anayeithibitisha. Kipimo cha mkojo kikisoma THC, hutaweza kujitetea kwa lebo. Wewe usiguse. Yeye mgongo wake apake. Ila akivuta bangi yenyewe humo ndani mnamoishi, hilo ni suala lako pia, kwa sababu wanaangalia unaishi na nani.

#18 MtuWaMizigo

Haya, nimesoma yote. Swali bila utani: mtu akishanyimwa ndiyo basi maisha?

#19 MzeeWaStuttgart

Hapana. Kwa sisi wa makampuni, ukinyimwa kabisa unaweza kuomba tena baada ya mwaka mmoja, ukipata kampuni ya kukudhamini, maana mtu hajiombei mwenyewe. Ila jua hukumu ya Mahakama ya Juu ya Marekani ya 1988, kesi ya Egan: hakuna mtu mwenye haki ya kupewa kibali. Ni wao wanaoridhika. Penye shaka, shaka inakwenda upande wa serikali, si wako kama kwenye jinai.

Na maamuzi ya DOHA yanawekwa mtandaoni bure, majina yamefutwa. Nilisoma mengi usiku nikisubiri langu. Utakuta mtu wa kokeini kapita, aliacha miaka, akamaliza matibabu, akaleta barua ya daktari. Ukurasa unaofuata mtu wa bangi mara mbili kaanguka kwa sababu mara ya pili alikuwa tayari na kibali mfukoni. Hiyo ya kutumia huku unacho ndiyo wanaichukia kuliko zote, na fomu inaiuliza bila kikomo cha miaka saba.

#20 MtuWaMizigo

Sawa mzee. Shikamoo.

#21 MzeeWaStuttgart

Marahaba.

#22 Mwalimu Nyasubi

Niko Kahama nimesoma nikashangaa. Serikali inakuuliza umevuta, unajibu ndiyo, inakupa kazi ya siri? Huku ukisema hivyo kwenye usaili wanakuitia mgambo.

#23 Bwana Funguo

Mwalimu, wao wanaogopa kitu kimoja: mtu mwenye jambo la kuficha anaweza kubanwa na adui kwa jambo hilo. Ukishawaambia wao, adui amebaki na nini mkononi? Kuna afisa mmoja alinieleza hivyo mwaka wangu wa kwanza kazini, tukiwa kwenye foleni ya kahawa, nikaelewa kuliko semina zote.

#24 KijanaWaMsamvu

Wakuu mrejesho. Fomu nimeituma jana usiku saa tano.

Bangi nimeiandika, miezi na miaka, nimepiga hesabu nikaweka makadirio na nikasema ni makadirio. Dukani nimenunua, nimeandika. Vidonge, mara tatu. Miraa, sentensi mbili kama nilivyoelekezwa. Karatasi ya kuahidi kutorudia nimeiandika na kuitia sahihi, ninayo tayari wakiihitaji.

Kaka wa Ohio nilimwambia, hajajibu ujumbe mpaka leo, tiki mbili za bluu tu.

Mama nilimwambia Jumapili kabla hajasikia kwa mchunguzi. Alinyamaza, akaniuliza kama ni ile miaka niliyokuwa nakula sana nikija likizo. Nikasema ndiyo. Akasema alidhani ni minyoo.

Limebaki jambo moja linanichekesha na kunitisha. Ile nyumba ya Colorado wanataka mtu aliyekuwa ananifahamu pale, na mtu pekee ni yule jamaa tuliyepanga wote, na ndiye tuliyekuwa tunavuta wote. Nikampigia baada ya mwaka mzima. Kaniuliza, "Wakija niwaambie nini?" Nikamwambia aseme anachokijua. Kasema sawa, hana tatizo, waje saa yoyote, yuko nyumbani.

#25 Sanduku la Posta

Mpigie tena. Mwambie siku hiyo afungue madirisha.